Kuaga Katika Wizara ya Mikia

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwamba naficha. Jina lipo kwenye kamati, linafanyiwa mapitio, na kamati imetuomba wananchi tuvumilie bila jina mpaka itakapomaliza. Tunavumilia. Nchi yenyewe ipo, ina bendera, ina wimbo, na ina Wizara ya Mikia, ambayo ndiyo nataka kuieleza hapa. Wageni hunicheka nikiitaja, na mimi sipendi nchi yangu ichekwe na watu ambao hawajapata kukaa ndani yake.

Chanzo cha wizara ni karamu. Mtukufu Rais alialikwa na mabalozi, na katikati ya chakula akaamua kusema Kiingereza chake mwenyewe, bila mkalimani. Alitaka kuwaambia kwamba serikali yake haitakata tamaa. Wanaojua wanasema kitenzi alikitamka sawasawa kabisa, lakini akakifunga mkia wa kitenzi kingine, ikatoka kwamba serikali yake haitatoa harufu. Balozi mmoja akatabasamu. Mwingine akainama chini ya meza kuokota kitambaa ambacho hakikuwa kimeanguka.

Kesho yake Baraza la Mawaziri lilikaa kuchunguza lile tabasamu. Wataalamu wakaeleza kwamba Kiingereza kina vitenzi ambavyo vikiwa peke yake ni vipole, lakini ukivifunga kijineno kwa nyuma, ap au auti au ofu, vinabadilika tabia. Kitenzi kile kile cha kutoa, kwa mkia huu ni kukata tamaa, kwa mkia ule ni kutoa harufu, na kwa mwingine ni kusalimu amri. Kanuni hakuna. Unameza tu kama vidonge, na ukisahau kimoja unaumbuka mbele za watu. Waziri mmoja akauliza kama mikia haiwezi kukatwa tu. Akahamishiwa Mifugo.

Basi ikaundwa wizara. Fedha za kuwafundisha wananchi mikia zilikuwepo, ila zilitumika kujenga jengo la kufundishia, na jengo lilipokwisha ikagundulika kwamba hazikubaki za walimu. Serikali yetu haikwami kirahisi. Ikaamua kwamba mwananchi asiyeweza kufundishwa bado anaweza kutahiniwa.

Siku ya uzinduzi Waziri, Mheshimiwa Lukindo, alihutubia akiwa kwenye baraza ya ghorofa ya nne, ambako bado anaishi. "Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo hakuna mtu atakayetoka katika jengo hili akiwa vile vile alivyoingia." Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Hatukujua kwamba alikuwa anamaanisha.

Sheria yenyewe ilikuwa ya upole. Kuingia wizarani unaingia kwa lugha yoyote, hata kwa ishara. Kutoka ndiko kuna utaratibu: unakwenda mbele ya Afisa wa Kuagwa, unaaga kwa Kiingereza, kwa kitenzi chenye mkia unaostahili. Ukikosea unarudi kwenye benchi kujitafakari, kisha unajaribu tena. Mtu mmoja aliuliza kwa nini mtihani usiwe mlangoni wakati wa kuingia. Akajibiwa kwamba hapo hakuna ambaye angeingia, na ofisi zingekuwa tupu, na ofisi tupu ni aibu kwa taifa.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu sisi, ili msituone wajinga. Kwetu mtu hatoki mahali bila kuaga. Unasema, naomba niende. Mwenyeji anakujibu, mbona mapema, kaa kidogo. Unakaa kidogo, hata kama chakula chako kinaungua nyumbani. Unaomba tena, ndipo anasema, haya, asante kwa kuja, wasalimie. Hapo umetoka. Anayeondoka bila hayo huhesabiwa kuwa hajaondoka: watu wataendelea kukigeukia kiti chake wakizungumza, na chai yake itamiminwa. Ndiyo maana wizara haikuhitaji kufuli. Mlango wa mbele kitasa chake kiliibwa siku ile ile ya uzinduzi, wakaweka jiwe ili usijigonge kwa upepo, na tangu hapo uko wazi mchana kutwa. Tulikuwa tunakaa ukumbini tunaitazama barabara.

Nasema tulikuwa, kwa sababu na mimi nilikuwemo. Nilifuata leseni ya kibanda changu cha kutengeneza redio. Leseni nilipata papo hapo. Serikali yetu isisingiziwe, haicheleweshi kitu chochote isipokuwa kutoka.

Ukumbini nilimkuta Bi Chausiku, mjane aliyekuja kufuata pensheni ya marehemu mumewe, ambaye alikuwa ameshazoea mpaka ameweka jiko kwenye kona na kutupikia maharage. Wengine wengi walikuwepo, wakijifunza mikia kwa kuulizana wao kwa wao, na kila mmoja akimfundisha mwenziwe kosa lake. Na mbele, kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cha bendera, alikaa Afisa wa Kuagwa, Bwana Dilunga, amevaa tai.

Bwana Dilunga alikuwa mtu wa haki. Kitabu cha mikia sahihi hakuwa nacho. Kilikuwa kimeagizwa kutoka ng'ambo na kimekwama bandarini, kwa kuwa karani wa kukitoa aliingia wizarani kufuata kibali naye akakwama kwenye benchi letu. Kwa hiyo Dilunga alihukumu kwa sikio. Ukiaga haraka, alikuona huna adabu. Ukiaga polepole, alikuona huna hakika. Wapo waliosema kitu kile kile alichosema mwenzao, mmoja akaambiwa amekaribia na mwingine akaambiwa amelitukana taifa.

Lakini na yeye alikuwa hajafika kwake muda mrefu. Afisa huaga kwa mkubwa wake, mkubwa wake ni Mheshimiwa Lukindo, na Mheshimiwa hashuki. Mkewe Dilunga alikuwa akimletea shati safi dirishani, amembeba binti yao. Siku moja nilimsikia yule mtoto akimuuliza mama yake, mjomba huyu hana kwao? Dilunga alilivaa lile shati bila kulifunga vifungo, na mchana ule alitufelisha wote bila kutusikiliza. Nilimchukia, kisha nikamhurumia, kisha nikamchukia tena.

Alhamisi asubuhi ndipo alipoingia Shomvi.

Shomvi ni fundi majiko, kijana mrefu mwenye masizi kwenye kucha ambayo hayatoki kwa sabuni. Alikuwa anaoa kesho yake, Ijumaa baada ya swala, na kwetu ndoa haifungwi bila kibali cha wizara, kwa sababu hotuba za harusi zina hatari ya kuwa na mikia. Mchumba wake, Mwasiti, kwao ni ng'ambo ya barabara, nyumba inayotazamana na wizara uso kwa uso. Kutoka benchini Shomvi aliweza kuwaona watu wakisimamisha turubai la harusi yake.

Kibali alipewa kabla hajakaa. Akashukuru, akaenda mezani kuaga, anatabasamu.

"Ai wonti tu go ofu," akasema.

Dilunga akamwambia huo ni mkia wa mabomu, na wa maziwa yakichacha. Wazee wawili waliokuwa karibu wakaingia chini ya benchi kwa tahadhari. Shomvi akarudi, akafikiri, akaja na mwingine. Huo nao Dilunga akamwambia maana yake ni kuendelea, basi aendelee; na Shomvi, kwa kuwa ni mtii, akaendelea kukaa mpaka saa nane. Jioni akaja na wa tatu. Dilunga akamuuliza kama yeye ni taa ya kuzimika.

Ndipo akatueleza lililokuwa likimsumbua. Mzee Pazi, babake Mwasiti, hakumtaka sana tangu mwanzo. Harusi ilishaahirishwa mara moja kwa ajili ya msiba, na mzee aliapa mbele ya ndugu zake kwamba hataahirisha tena. Ijumaa ikipita bila ndoa, Mwasiti anapelekwa kwa baba yake mkubwa huko mashambani, ambako kuna mjane wa kiume mwenye malori mawili anayemsubiri. Mwasiti mwenyewe alikuwa amelia, na amesema hataki malori.

Tulimpa Shomvi mikia yote tuliyokuwa nayo. Bi Chausiku akampa wa kwake, aliokuwa akiuweka akiba kwa siku yake mwenyewe. Aliikariri yote, akiihesabu kwa vidole vyenye masizi, na Ijumaa asubuhi akaijaribu mmoja baada ya mwingine. Mmoja ulikuwa wa ndege kupaa. Mmoja ulikuwa wa bei kushuka. Wa Bi Chausiku, Dilunga akasema, ni wa kumwambia mwenzio aondoke mbele yako, na mtu hajifukuzi mwenyewe. Ng'ambo ya barabara harufu ya pilau ilianza kuvuka na kutuingilia. Watu waliokuwa wakitoka kuswali walikuwa wakiingia turubaini, na wengine walikuwa wakitupungia mkono.

Shomvi akasimama. Hakwenda mezani. Alifunga kifungo cha juu cha shati lake, akatembea mpaka mlangoni, akaliruka lile jiwe, akatoka.

Ukumbi mzima tuliinamisha macho. Sijawahi kuona jambo la aibu kama lile, mtu mzima kutoka mahali pa watu kimya kimya kama kuku. Dilunga alikaa ametazama ile nafasi aliyokuwa amekaa Shomvi, na baada ya muda akaiuliza kama iko tayari kujaribu tena.

Yaliyotokea turubaini tuliyaona kwa macho, na maneno tukahadithiwa baadaye. Shomvi alipofika, wanawake walianza vigelegele vikakatika njiani. Mzee Pazi akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mwanangu Shomvi," akamuuliza, "umeaga?"

"Sikuaga, mzee."

"Basi hujatoka," akasema Mzee Pazi. "Na mimi simwozi binti yangu kwa mtu ambaye hayupo hapa."

Shomvi akamgeukia shehe, Shehe Mwinyikondo, mtu mpole anayependa watu waoane. Shehe akashika ndevu, akasema ndoa inataka bwana harusi awepo, na hili la kuwepo limemtatiza. Mjumbe wa mtaa naye akaongeza, kwa masikitiko, kwamba kwa mujibu wa serikali Shomvi ni mkazi wa ukumbi wa wizara tangu jana, na amekwisha kuhesabiwa huko. Mzee Pazi akamwambia arudi akaage vizuri kama mtu aliyelelewa, na jua bado lipo.

Alirudi. Aliliruka tena lile jiwe, akaingia, akakaa pale pale alipokuwa. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna askari aliyemshika. Mimi nililia, na siogopi kusema.

Mwasiti alikuwa ameyasikia yote kutoka ndani, amekaa kwenye mkeka, mikono ina hina mbichi. Akatoka nje na mapambo yake, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, kama mume wangu yumo mle, basi harusi iko mle," akasema. "Hapa pana turubai tu."

Akavuka barabara. Mama yake akamfuata ili asitembee peke yake. Shehe akafuata kwa sababu ndiye mwenye kazi. Wapishi wakafuata kwa sababu pilau lilikuwa linapoa, na wageni wakalifuata pilau. Mzee Pazi alibaki na viti kwa muda, kisha naye akaja, anakohoa njia nzima ili ajulikane kuwa hajakubali.

Ndoa ikafungwa ukumbini, chini ya picha ya Mtukufu Rais. Dilunga aliondoa mihuri yake mezani sinia zikawekwa. Bi Chausiku alicheza. Nilimwona Shomvi akila kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika ncha ya kanga ya mkewe kana kwamba atanyang'anywa, na kwa saa nzima nilisahau kwamba niko kizuizini.

Kisha sinia zikaisha. Watu wakaosha mikono, wakatazama mlango, wakakumbuka. Mtaa mzima sasa ulikuwa umo ndani, na hakuna aliyejua mkia hata mmoja. Dilunga akanyoosha tai, akarudi kwenye kiti chake.

Bi Chausiku ndiye aliyeanza, na naapa hakuwa na hila yoyote. Ni mazoea tu ya mtu aliyekula shughulini. Akamwendea bibi harusi, akamshika mkono kwa uangalifu asiharibu hina.

"Mwanangu, tumekula tumeshiba. Naomba niende."

"Mbona mapema, bibi? Kaa kidogo," akasema Mwasiti, naye kwa mazoea.

Bi Chausiku akakaa kidogo. Akainuka tena, akaomba tena.

"Haya bibi, asante kwa kuja. Wasalimie nyumbani."

Bi Chausiku akachukua jiko lake, akaliruka jiwe, akatoka. Tulimwona akipinda kona.

 Niliuona uso wa Dilunga ukifanya hesabu. Shomvi ni mkazi wa ukumbi huu, serikali yenyewe imesema. Shehe amemwoza humu humu. Kwa hiyo hapa ni nyumbani kwa Shomvi, na Mwasiti ndiye mwenye nyumba, na wengine wote ni wageni wake. Hakuna afisa, hata awe na tai, anayeweza kuagwa katika nyumba ya watu.

Tukaaga. Tulipanga mstari mrefu, tukaaga kwa lugha tuliyonyonya kwa mama zetu, na Mwasiti alimzuia kila mmoja wetu kidogo kama inavyopasa, akamwachia. Mzee Pazi aliaga akiwa ametazama pembeni, kama mkwe anavyoaga kwa mkwewe. Wa mwisho ukumbini alikuwa Dilunga. Alipoambiwa akae kidogo alikaa na mikono juu ya magoti, nadhani akiogopa kwamba hataachiwa. Mwasiti alimtazama akamwambia kwa sauti ya chini, "Haya kaka. Msalimie mtoto." Alitoka mbio, tai ikamdondoka kwenye ngazi, hakuiokota.

Maharusi wakabaki peke yao. Wakafagia punje za pilau, wakapanga sinia, wakashikana mikono wakaelekea mlangoni. Mtu kutoka kwake haagi mtu. Mama yake Mwasiti alikuwa amesimama ng'ambo na mafuta ya karafuu, anawangoja.

Hapo ndipo waliposikia kikohozi ghorofa ya nne.

Mheshimiwa Lukindo. Walimsahau. Na mtu haachi nyumba yake ikiwa na mgeni ndani; hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Wakarudi wakakaa kwenye benchi wamsubiri ashuke.

Alishuka Jumamosi, na mkoba wake na koti mkononi. Kimya cha ukumbi kilikuwa kimemtisha, na alikuwa amewakumbuka wanawe. Alipomkuta Mwasiti amekaa kwenye kiti kilichokuwa cha Dilunga, alielewa mara moja kwamba huyu ndiye wa kuagwa. Mheshimiwa ni mtu wa sheria, tena ameitunga mwenyewe. Akasimama wima, akaaga kwa Kiingereza, na mkia wake mrefu.

"Mbona mapema, Mheshimiwa?" akasema Mwasiti. "Kaa kidogo."

Mheshimiwa akabadilika rangi. Hajapata kuzuiwa tangu ateuliwe, na yale ya kuzuiwa kwanza ndipo uachiwe alikwisha kuyasahau huko juu. Akajua amekosea mkia. Kabla Mwasiti hajafikia ile haya, asante kwa kuja, alikuwa keshageuka, anapanda ngazi kwenda kutafuta mwingine.

Amekuwa akishuka hivyo mara kwa mara tangu wakati ule, kila mara na mkia mpya, na kila mara anarudi juu. Turubai limeshashushwa. Mimi huwapelekea Shomvi na mkewe chakula, nawapa nikiwa nje ya jiwe, maana nikiingia itanibidi niage na sijui safari hii itachukua muda gani. Mwasiti hina imemtoka. Juzi nilimsikia Shomvi akimsihi, karibu analia, akimwambia mke wangu, akishuka tena usimzuie, mwambie haya moja kwa moja, akienda na sisi twende kwetu.

Mwasiti alikuwa anatazama barabara, mahali alipozoea kusimama mama yake.

"Nikitaka kusema, Shomvi, ninaanza na mbona mapema," alisema. "Nimelelewa hivyo."

Juu, mlango wa Mheshimiwa ukafunguka, na viatu vikaanza kushuka ngazi.